Kutoka Gilgil Hadi Ziwani: Kazi ya Kitaaluma ya Anthony Allison

Wanafunzi wangu wa biokemia hapa Kisumu hupenda kuniuliza njia ya mkato ya kufikia uprofesa, na mara nyingi huwa wamekwisha kuichora wenyewe: shahada ya kwanza, uzamili, uzamifu ng'ambo, makala katika majarida yenye jina, kisha cheo. Sina ugomvi na njia hiyo, kwa kuwa nami niliipita. Hata hivyo, mwanafunzi akitaka kuchunguza protini na maradhi ya binadamu, mimi humtajia kwanza Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa kwenye shamba la familia yake karibu na Gilgil, mbele kidogo ya Nakuru ukitoka huku kwetu kuelekea Nairobi.

Mwaka 1949 ulikuwa na mambo. Kule Marekani, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, ya mgonjwa wa selimundu (ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli hizo ziwe na umbo la mundu) husafiri kwa namna tofauti na ya mtu mwenye afya inapopitishiwa umeme, na kwa mara ya kwanza chanzo cha ugonjwa kikaonekana kuwa kasoro ya molekuli moja. Mwaka huohuo Allison, akiwa mwanafunzi Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya, akaitumia nafasi hiyo kukusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali. Aligundua kwamba katika jamii kadhaa za pwani na za kandokando ya ziwa letu, zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na sifa ya selimundu, yaani wamerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu, ilhali katika nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1.

Hapa ndipo malezi yake yalipomfaa kuliko vitabu. Takwimu zile zingeweza kumpeleka mtu mwingine kutafuta maelezo katika nasaba na uhamaji wa makabila, lakini aliyekulia Kenya alijua malaria inatesa wapi na haitesi wapi, akaona kwamba ramani ya jeni na ramani ya mbu zinakaribia kulingana. Alimaliza udaktari, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1953, na mwaka uliofuata akachapisha hoja yake: anayerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni inayoua watoto walioirithi kwa wazazi wote wawili haijatoweka.

Sehemu moja ya ushahidi wake hainipi raha. Wanaume 30 Waluo, 15 wenye sifa hiyo na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. 14 wa kundi lisilo na sifa hiyo walipata maambukizi, na wawili tu wa kundi lenye sifa hiyo. Makala inawaita watu wa kujitolea. Nafundisha matokeo hayo, lakini husema wazi darasani kwamba kamati yoyote ya maadili ya leo ingelikataa ombi la namna hiyo.

Kuhusu protini yenyewe, jibu lilitoka Cambridge, ambako Vernon Ingram, katika miaka ya 1956 na 1957, alionyesha kwamba tofauti yote imo katika asidi amino moja, yaani kiungo kimoja kati ya vile vinavyojenga protini: nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo ya hemoglobini, wenye asidi amino 146, ina valini badala ya asidi ya glutamiki. Maabara ya kawaida huiona tofauti hiyo bila mitambo ya ajabu. Seli nyekundu hupasuliwa, kitone cha majimaji yake kikawekwa kwenye ukanda uliolowa bafa (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi), umeme ukapitishwa, kisha ukanda ukatiwa rangi. Hemoglobini ya kawaida huwa imetangulia kuelekea ncha chanya, na ya selimundu imebaki nyuma, kwa sababu valini haina ile chaji hasi ya asidi ya glutamiki. Aliyerithi jeni moja huonyesha mistari miwili, na mwanafunzi akiiona kwa macho yake, sihitaji tena kumweleza urithi kwa michoro ubaoni.

Allison hakukaa juu ya sifa hiyo maisha yake yote. Aliongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo jijini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akahamia kampuni ya dawa huko California, ambako yeye na mkewe, Elsie Eugui, walitengeneza mikofenolati mofetili, dawa inayozuia kimeng'enya ambacho limfosaiti, seli nyeupe za kinga ya mwili, hukihitaji ili ziongezeke. Leo wagonjwa waliopandikizwa figo huimeza dawa hiyo ili mwili usiikatae figo mpya.

Kuna swali ambalo kazi yote hiyo haikulimaliza. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja, wote wagonjwa wa selimundu, mmoja hulazwa mara kwa mara na mwingine hucheza mpira. Kiasi cha hemoglobini ya kitoto iliyosalia mwilini, ambayo haina mnyororo wa beta na huzuia ile yenye kasoro kushikamana, kinaeleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Nimempa mwanafunzi wangu wa uzamili swali hilo, akaniuliza kwanza kama lina ufadhili.