Gitaa langu lilikuwa limeziba, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye voliyumu

Kwa miezi minane nilipigia kwaya yetu hapa Kirumba, Mwanza, gitaa lililosikika kama mtu anayeongea huku amejifunika mdomo kwa kanga. Sauti ilikuwepo, nyuzi zilikuwa mpya, lakini ule mlio wa solo unaopenya katikati ya kinanda na akina mama thelathini wanaoimba kwa nguvu zao zote haukuwepo kabisa. Leo unapenya. Nimelitengeneza kwa mikono yangu, kwa fedha isiyofika elfu ishirini, na ninaandika kwa sababu ushauri niliopewa kabla ya hapo ungenila mara kumi ya hiyo na gitaa lingebaki vilevile.

Ni gitaa la umeme la umbo la Stratocaster, si lenyewe la kampuni ya Fender, lenye pikapu tatu (vile vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja moja. Nililinunua kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anahamia Geita, laki mbili na kitu. Aliniambia lilishawahi kufunguliwa na fundi "likarekebishwa voliyumu", yaani kile kifaa cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti. Maneno hayo yaliingia sikio moja yakatokea la pili, na ndiyo yaliyokuwa na jibu lote.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema mti wake ni mwepesi, gitaa zuri lazima liwe zito. Mwingine anayeuza vyombo alinipa bei ya pikapu mpya tatu, laki tatu kasoro. Fundi mitambo wetu akasema ni suala la kuongeza trebo, yaani sauti za juu, kwenye mikisa. Tuliongeza, na kilichoongezeka ni mchirizo wa spika. Huwezi kuongeza kitu ambacho hakijatoka ndani ya gitaa.

Lakini ushauri ulioniudhi mpaka leo ni wa yule aliyesema, kwa sababu gitaa lilikuwa pia linavuma, nikate pini ya athi, ile ya waya wa ardhini, kwenye plagi ya amplifaya. "Mvumo utakwisha palepale." Nasema kwa herufi zote: usikate. Nyuzi za gitaa zimeungwa na chasisi ya amplifaya kwa waya. Siku amplifaya ikiharibika na umeme wa volti 230 ukafika kwenye chasisi, athi ndiyo inayokatisha umeme ule. Ukiwa umeikata, njia inayobaki ni mkono wako ulioshika nyuzi na mdomo wako uliogusa maiki. Mvumo ule ni wa koili za pikapu kunasa mawimbi ya umeme wa nyumba, mizunguko 50 kwa sekunde, na una dawa zake.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ni foili ya jikoni. Wazo lenyewe ni sahihi: ukizungushia chuma kile chumba cha ndani cha gitaa na kukiunga na athi, sehemu ya mvumo inazuiwa. Nikafungua, nikapaka gundi, nikatandaza foili kila pembe kwa uangalifu wa mtu anayepamba keki. Jumamosi jioni nikalipeleka mazoezini. Kimya. Halitoi hata mkwaruzo. Mwalimu wa kwaya ananitazama, kinanda kimeshaanza utangulizi, mimi napinda waya huku na kule. Usiku nyumbani ndipo nilipoona: ulimi wa jeki (tundu la kuchomekea waya wa gitaa), ule unaogusa ncha ya plagi, ulikuwa unabonyea ukutani unapochomeka waya na kugusa foili. Mlio wote ulikuwa unaishia kwenye athi. Na kulikuwa na kosa la pili chini ya hilo la kwanza: aluminiamu haishiki lehemu ya kawaida, kwa hiyo vipande vyangu vingi vilikuwa vimekaa tu kwenye gundi, havijaungana na athi wala vyenyewe kwa vyenyewe. Nilivibandua vyote. Baadaye niliweka foili nzima moja, nikaibana na waya wa athi kwa skrubu na washa, na sehemu ya jeki nikabandika plasta ya umeme. Hapo ikafanya kazi yake.

Basi usiku ule wa aibu, gitaa likiwa wazi mezani, nikachukua mita ya umeme kupima kila kitu. Pikapu ya mbele kupitia jeki, voliyumu ikiwa juu kabisa, ilisoma kilo-omu 5.32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nilipochomoa waya wake ili nipime koili peke yake, ikasoma 6.0. Koili nzima, haijaungua. Sasa kitu gani kinaishusha? Nikapindua voliyumu. Mgongoni imeandikwa B50K, yaani kilo-omu 50. Nikaipima: 47. Ya toni nayo B50K.

Niliketi pale nikiitazama kwa muda. Gitaa la koili moja moja hutakiwa kuwa na voliyumu ya kilo-omu 250. Pikapu za koili mbili, zile alizobuni Seth Lover akiwa kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955 ili kuua mvumo, huwekewa 500. Mimi nilikuwa na 50. Watu hudhani voliyumu ni bomba la maji: ukifungua lote, yote yanatoka, basi ukubwa wa bomba haujalishi. Sivyo. Hata ikiwa imefunguliwa yote, voliyumu inabaki imeunganishwa kati ya waya wa mlio na athi, na mlio unavuja kupitia hapo muda wote. Ikiwa ya 250, unavuja kidogo. Ikiwa ya 50, unavuja sana, na kinachotangulia kupotea ni sauti za juu, kwa sababu koili yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele inazibana zaidi sauti za juu kuliko za chini. Toni nayo, hata ukiifungua yote, inavujisha hizohizo za juu kupitia kapasita yake, kile kifaa kinachopitisha sauti za juu kirahisi kuliko za chini. Nilikuwa na matundu mawili.

Sikutaka kuamini karatasi tu. Kesho yake nilifanya jaribio ambalo ningependa kila mpiga gitaa alifanye kabla hajatoa hata shilingi ya pikapu. Nilikuwa na waya wa gitaa uliokatika upande mmoja. Upande ule nikafunga vibanio viwili vya meno: kimoja nikabana waya wa mlio wa pikapu, cha pili athi yake. Yaani pikapu moja kwa moja hadi amplifaya, hakuna voliyumu, hakuna toni, hakuna swichi. Mdogo wangu nikamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikamwambia apige uzi wa pili, kidole kituo cha tatu, asibadilishe nguvu. Mimi nikageukia ukuta.

Mlio wa kwanza ulinifanya nigeuke. Gitaa lilelile! Linang'aa, linachoma kabisa, lina ncha ya kupita kiasi. Miezi minane nilikuwa na mlio ule mkononi na sikuujua. Kisha nikaanza kubana rizista (vipande vidogo vya kuzuia umeme) moja moja sambamba na pikapu, kila moja ikijifanya voliyumu. Ya omu milioni moja: karibu hakuna tofauti. Ya kilo-omu 470: ile ncha ya kuchoma imepungua kidogo. Ya 220: hapo mlio ukawa mtamu, ung'avu upo lakini hauumizi sikio. Ya 100: umeanza kulala. Ya 47: gitaa langu la miezi minane likarudi chumbani, na kanga yake mdomoni. Mdogo wangu, asiyejua hata rizista ni nini, akasema mwenyewe, "Kaka, hiyo ndiyo mbaya."

Sasa kupata voliyumu ya 250 Mwanza. Nilizunguka Makoroboi, nikapanda hadi Mlango Mmoja, kila fundi ananitolea ya 10, ya 50, akijitahidi ya 100. Hazikuwa na kosa, ndizo za redio za siku hizi. Na hapo nikamwelewa yule fundi wa kwanza aliyeharibu gitaa bila kukusudia: ya zamani ilikwaruza, akachukua iliyopo mezani, ikazunguka vizuri, akafunga. Tatizo ni kwamba gitaa la umeme halikuzaliwa zama za transista. Bwana Leo Fender, aliyelitoa Stratocaster mwaka 1954, alikuwa fundi redio. Duka lake la redio pale Fullerton, California, alilifungua mwaka 1938. Alijenga gitaa kwa vifaa na hesabu za redio za vali, na hesabu hizo zimebaki ndani ya magitaa hadi leo.

Aliyenifumbua macho hapo ni mzee mmoja fundi wa Mabatini. Nilimkuta amekunja miguu mbele ya rundo la radio kaseti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Redio iko wapi?"

Nikamweleza ninachotafuta. Akanyamaza, akafikiri, kisha akasema, "Voliyumu kubwa hivyo ni ya redio za vali, zile zenye taa za kioo ndani. Kijana wa siku hizi hizo hakuzikuta." Akaingia ndani, nikasikia anasogeza mabati. Akatoka na redio ya mbao, kioo hakuna, kitambaa cha spika kimeliwa na panya. Ndani mle kulikuwa na voliyumu mbili nzito za chuma, ya sauti na ya toni, zote za 500. Alinitolea mwenyewe, akazipima mbele yangu, na moja akaizungusha polepole huku akiangalia mshale wa mita yake kama unapanda bila kurukaruka. Nilimpa elfu saba na soda baridi. Nikamuomba na rizista ya 470, akanipa bure.

Ile 470 ndiyo ujanja wenyewe. Ukiiunga sambamba kwenye miguu miwili ya nje ya voliyumu ya 500, jumla yake inakuwa kama 242, yaani 250 unayoitaka bila kuagiza kitu Dar. Toni nikaiacha na 500 zake.

Kufunga hakuna maelezo mengi, ukijua kulehemu utafunga. Ila mambo mawili yalinichukua nusu siku. Mhimili wa voliyumu za redio hizo ni mrefu mno, lazima ukatwe kwa msumeno wa chuma. Shika mhimili kwenye jiliwa, usishike mwili wake, na uzungushie plasta ili unga wa chuma usiingie ndani. Na mgongo wake una kutu ya miaka mingi, usugue kwa msasa mpaka ung'ae ndipo uweke lehemu, la sivyo utauchoma muda mrefu na kuua njia ya kaboni iliyomo ndani. Swichi ya kuwashia redio imebaki mgongoni, haijaungwa popote. Nikishusha voliyumu hadi sifuri inalia *tik*.

Kapasita ya toni nayo nilibadilisha. Iliyokuwemo imeandikwa 104, ambayo ni 10 na sifuri nne, pikofaradi 100,000. Ukishusha toni, gitaa linazama. Nilijaribu kwa vibanio vilevile ya 473 ambayo magitaa mengi ya aina hii huwa nayo, kisha ya 223, nikabaki na 223 kutoka kwenye ubao wa televisheni iliyokufa. Nikishusha toni nusu napata ule mviringo wa gitaa la rithimu za dansi, maneno ya nyuzi bado yanasikika.

Kitu kidogo zaidi: waya wa kwaya ulikuwa wa mita kumi na ushee. Kila mita ya waya huongeza kama pikofaradi 100, na nikishusha voliyumu kidogo tu sauti za juu zilikuwa zinakimbia. Nimenunua wa mita tatu. Anayelazimika kutumia mrefu aunge kapasita ya 102 na rizista ya kilo-omu 150 sambamba, kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa voliyumu.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo mwalimu alinyoosha mkono kwa fundi mitambo, akamwonyesha ashushe gitaa. Kwa miezi minane alikuwa anamwonyesha apandishe.

Tangu hapo nimefungua magitaa mengine mawili. La kwanza, la mpigaji wa Nyegezi, lilikuwa na B50K kama langu. La pili lilikuwa kinyume, 500 kwenye koili moja moja, linapiga kelele za kuchoma; nililiwekea rizista ya 470 tu, dakika kumi, nikalifunga. Jumamosi hii anakuja mpiga besi kutoka Igoma. La kwake anasema linakoroma hata voliyumu ikiwa sifuri. Nitaanza na jeki.