Kumulika ngoma usiku, pembeni ya ziwa

Kuna kitu kuhusu ngoma za Kisukuma huwa nakifikiria sana nikiwa nimekaa kwenye meza ya taa, ile mitambo ya kuongozea taa za jukwaani. Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma pale Bujora, Kisesa, Mwanza, lile la mwezi wa 6 karibu na sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zinazoshindana, wanacheza muda uleule uwanja uleule, hawa huku wale kule, na hakuna mtu wa kukwambia utazame wapi. Mchana kweupe, jua linawapiga wote sawa, we unasimama unapopenda na ukichoka unahama, na kundi lililojaza watu ndo limeshinda. Mchezaji anakuvuta kwa kazi yake mwenyewe, kwa mikogo, kwa nyimbo za kuwachapa wenzie, wengine kwa chatu shingoni, na wenyewe watakwambia dawa nazo zipo.

Sasa mi kazi yangu ni usiku, na usiku hakuna kuhama. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki wote wameelekea upande mmoja, nilichokiwasha ndo wanachokiona na nilichokizima kwao hakipo. Yaani lile la kuchagua, ambalo mchana ni la mtazamaji, usiku naachiwa mimi. Wananiita dada wa taa, wanadhani nabonyeza tu, lakini kwakweli hicho kitu kinanilemea kila nikipandisha taa ya mbele ya kwanza, namchukulia mtu macho yake kwa saa mbili tatu hivi bila kumuuliza.

Kwenye kumbi za huku mjini mwenye shughuli akikuletea kazi swali la kwanza ni una muvinghedi ngapi, zile taa za kuzunguka. Ukisema nane anataka nane zote zizunguke kuanzia MC anaposema karibuni mpaka watu wanabeba viti. Namuelewa, kalipia, anataka hela yake ionekane. Ila hebu mfikirie mama mtu mzima wa kwaya anapiga solo, amefika pale juu kabisa mpaka mishipa ya shingo imesimama, halafu nyuma yake mihimili ya kijani na pinki inakata kulia kushoto kulia kushoto. Jicho linafuata kinachotembea, ndo lilivyoumbwa, huwezi kulizuia. Yule mama kafanya mazoezi wiki nzima baada ya kutoka sokoni, na mi kwa kidole kimoja nimemnyang'anya watu wake. Hapana. Taa ikizunguka lazima iwe na sababu, ngoma imepanda, kibwagizo kimeingia, watu wamesimama, hapo sawa zizunguke zote na moshi juu.

Mi naanza na uso. Kabla ya rangi yoyote, kabla ya mbwembwe yoyote, najiuliza bibi aliyekaa mstari wa mwisho anamuona anayeimba au anaona kivuli. Na hapa ngozi zetu nyeusi zinahitaji mtu anayezipenda, nasema hivyo kwa moyo wote. Wengi uso usipoonekana wanaongeza taa ya mbele, ile nyeupe ya baridi, wanaisukuma mpaka mwisho, matokeo yake paji la uso linang'aa jasho, mashavu yanakuwa bapa na rangi inageuka majivu. Weka mbele kidogo tu, kisha leta mwanga wa ubavuni na wa nyuma, uguse shavu, uguse bega, utenganishe nywele na giza la nyuma, na rangi iwe ya joto, amba, ile njano inayoelekea chungwa. Uso unatokea wenyewe na ile kahawia inakaa kahawia. Kijani na bluu kali usimpige mtu usoni, ziache nyuma kwenye kitambaa.

Zile par za zamani, taa za jukwaani zenye umbo la kopo, za balbu ya wati 1000 zilikuwa zinatoa huo mwanga bila kuhangaika, na ukizishusha ndo zinazidi kuwa za dhahabu. Shida umeme, par nane ni wati 8000, kwa umeme wetu wa volti 230 hapo ni kama ampea 35, kumbi nyingi waya wa ukutani hauwezi na jenereta linaanza kuguna. LED zikaja tukazipokea kwa mikono miwili, ile yenye vitaa 54 vya wati 3 kwa hesabu ni wati 162 tu, unafunga nane na bado pasi inaweza kuchomekwa kule nyuma wanakovalia. Lakini LED yenye nyekundu, kijani na bluu peke yake, ukizichanganya upate nyeupe, ile nyeupe ina mapengo pale kwenye njano na chungwa, na ngozi yetu inaishi hapohapo. Ndo maana nikinunua taa natafuta yenye amba ndani yake, hata kama ni ghali, hata kama nitachukua mbili badala ya nne.

Halafu simu. Siku hizi shoo ikiisha inaanza upya kwenye status za watu, na LED za bei ya chini zinapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzimika haraka sana, jicho halioni ila kamera inaona, video inatoka na mistari mieusi inashuka. Kwa hiyo watu wa saundi wakiwa wanapima maiki mi natembea ukumbini na simu mkononi narekodi kila taa, yenye mistari naipandisha mpaka juu au naingia kwenye menyu yake nitafute spidi nyingine, ikishindikana inahamia ukutani.

Pembeni ya ziwa sasa ni habari nyingine kabisa. Mchana upepo unatoka majini unakuja nchi kavu, usiku unageuka, na mwanga wa muvinghedi hewani hauonekani bila moshi, kwa hiyo moshi ukiuweka ulipokuwa sahihi saa 12 jioni, saa 3 wote unakwenda ziwani kwa samaki. Natega mashine mbili pande mbili, moja inasubiri upepo ugeuke. Na kuna wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, mwezi ukiwa haupo ndo wanatoka kwa wingi. Wavuvi wa dagaa wanazijua siku hizo kuliko mtu yeyote, kwenye mbalamwezi wanapumzika kwa sababu taa haivuti kitu, giza likirudi wanaingia, zamani na karabai na siku hizi wengi na taa za sola. Wanachokifanya wao ndo ninachokifanya mimi, tunawasha gizani kitu kije. Kwangu mimi wanakuja watu na wadudu pamoja. Mdudu anapenda nyeupe na bluu zaidi, amba haimsumbui sana, kwa hiyo usiku wa giza jukwaa langu linakuwa la amba, na mbali kule nyuma karibu na maji nawasha taa moja nyeupe kali isiyo na kazi nyingine, wanajazana kule wanaacha midomo ya waimbaji.

Siku moja tulikuwa na kundi la ngoma limetoka upande wa Magu, wanacheza bugobogobo, ile ya majembe, kwenye uwanja wa pembeni ya ziwa na mwezi hakuna. Mzee wao akaja mezani kwangu wakati bado nafunga nyaya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ng'wanawane, sisi tumezoea jua. Usitufiche."

Nikamuuliza majembe yanaruka saa ngapi, akanionesha kwa mkono, mdundo ukibadilika hivi, ta-ta-tam, wanarusha wote. Nikamwambia babu basi naomba unipigie mara mbili nisikie, akamuita kijana wa ngoma akapiga, tukakubaliana.

Nadhani hakuna kazi iliyonifundisha kama ile. Jembe likiwa hewani huwezi kuzima taa, huwezi kupiga flashi, huwezi kumwekea mtu mwanga wa machoni anapotazama juu, chuma kile kinarudi chini na ni lazima akione. Kila kiujanja nilichozoea kwenye shoo za bongo fleva pale hakifai. Nikabaki na amba mbili za ubavuni, moja huku moja kule, na safu ya nyuma nyeupe kidogo imeinamishwa ili majembe yakipanda yashike mwanga kwenye makali. Muvinghedi nikazisimamisha kabisa. Na wale watu wakacheza, aisee, vumbi linapanda linamulikwa kwa nyuma, migongo ya jasho, majembe yanawaka juu yanazimika yakishuka mkononi, na watu kwenye viti wakaanza kusimama mmoja mmoja, kisha wakasogeza viti pembeni, wengine wakaenda kuzunguka upande wa pili waone vizuri. Walikuwa wanahama! Mi sikugusa kitu, mikono ipo mapajani, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje.

Tangu hapo nikipewa ngoma ya asili naomba waandaaji wasipange viti mbele, waache uwazi, na namulika uwanja wote sawasawa hata ikibidi kukopa taa. Wengine wanakubali.

Kuna jambo moja la kiufundi nalipenda kulieleza kwa vijana wanaokuja kujifunza. Ule waya wa DMX kutoka kwenye meza kwenda kwenye taa ni wa njia moja. Chaneli 512, kila moja na namba kuanzia 0 mpaka 255, meza inazituma tena na tena bila kupumzika na haipati jibu hata moja. Taa ikifa, ikigeuka na upepo, kijana akichomeka waya wa maiki katikati kwa sababu vichwa vinafanana na taa zikaanza kutetemeka, meza yenyewe inakuonesha kila kitu kipo sawa. Kwa hiyo macho juu, jukwaani, na kwa watu. Vijana wengi wanaangalia vioo vya kompyuta shoo nzima, nawagusa bega nawaambia mdogo wangu tazama mbele.

Jumamosi narudi ukumbini, ni kwaya, nyimbo nyingi na solo nyingi. Nimemuomba mwenye shughuli aniruhusu niingie mazoezi ya Ijumaa jioni na daftari langu, nijue nani anaimba wapi na anasimama upande gani, amekubali. Akauliza na zile za kuzunguka je? Nikamwambia mama zote nane zitakuja, zitakaa kimya mpaka sebene.