Jana stima zilipopotea

Jana baada ya magharibi stima zilipotea tena huku Majengo. Mimi nasonga sima, Bi Mdogo, binti yangu, yuko mkekani na bibi yake. Giza lilipotanda tu, akapiga ule ukelele wake ambao nimeuzoea na bado unanikata maini.

Ana miaka minne. Yeye na giza wana ugomvi wao: linamnyang'anya maneno. Mashine za masikio humletea sauti, lakini mengine huyakamilisha kwa kuniangalia midomo na mikono. Asiponiona, mimi ni mvumo tu.

Nyumba yetu imepakana na msikiti. Alipokuwa mchanga, adhana ya alfajiri ilituamsha sote, yeye kalala. "Mtoto mtulivu, mashallah," tukimsifu, nami nikishukuru kupata usingizi. Alipofika mwaka na nusu, kifuniko cha sufuria kikaanguka nyuma yake, hata asigeuke. Nikakiokota nikakigonga. Nikakigonga tena. Ile shukrani yangu ya alfajiri naikumbuka hadi leo, na moyo waniuma.

Mashine nazo zataka kulelewa. Kaskazi hii jasho huingia kwenye kile kimrija chake cha mpira, sauti ikakatika. Kila usiku nazipuliza, natoa betri, nazitia mkebeni pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, juu ya kabati asikofika. Betri yenyewe ni kama kifungo cha shati. Ukishabandua karatasi yake hewa huiamsha, na hata ukiirudishia, inaendelea kwisha. Na masikio yanakua! Kila baada ya miezi michache kile kinachokaa sikioni kinapwaya, mashine inapiga mluzi, twarudi kupimwa upya.

Mama yangu alikuwa hataki ishara. "Akizoea mikono, hatasema kabisa." Simlaumu, ni hofu ya mapenzi. Lakini mimi nimeona kwa macho yangu: ishara ya maji ilitangulia, na neno "maji" likaja miezi baadaye, limepinda kidogo, tamu kuliko halua. Nikamweleza kwamba Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, na Bungeni ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Akanyamaza.

Basi jana nikawasha tochi ya simu, nikajimulika usoni. Nikamwambia kwa mdomo na kwa mkono: mama yupo, chakula chaja. Kilio kikakatika. Akaninyakua ile simu, akammulika bibi yake, akangoja.

Mama akafinya macho. Akaitazama mikono yake, akainua wa kulia, akajaribu ishara ya maji. Vidole vikakosea. Bi Mdogo akaibana simu kwapani, akamshika bibi yake mkono, akavipanga vile vidole kimoja kimoja.