Alikuwa anacheza, au alikuwa amesimama?

Siku ya sita leo, swali la yule bibi bado ninalala nalo na kuamka nalo.

Kesi yenyewe mnaikumbuka: mtoto wa darasa la pili, mwalimu wake aliona alama mgongoni akatuletea taarifa sisi wa ustawi wa jamii. Nilikwenda nyumbani kwao, nikaandika, nikaondoka. Wiki iliyopita akafikishwa hospitali, mikono imeunguzwa kwa maji ya moto. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imejazwa, na mlezi yuko mahabusu.

Bibi wa mtoto nilimkuta nje ya wodi. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akaitikia, akanitazama kidogo.

"Mjukuu wangu, siku ile ulipokuja uliongea na nani?"

"Na mama yake mdogo."

"Na mtoto?"

"Alikuwa uani, anacheza."

"Alikuwa anacheza, au alikuwa amesimama?"

Alikuwa amesimama. Kando ya ndoo, kavaa sweta, na jua la saa nane la Dodoma mnalijua. Mikono kaificha ndani ya sweta. Mimi nikaandika "anacheza", maana mtoto akiwa uani ndivyo tunavyoandika.

Chuoni tulisoma habari za Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 aliyeuawa kwa mateso London, Februari 2000. Ripoti ya Lord Laming ya 2003 kuhusu kifo hicho ilikuwa na mapendekezo 108. Namba hiyo niliikariri kwa ajili ya mtihani. Ripoti hiyohiyo ilihesabu nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa, na watu wa ustawi waliomsikiliza mlezi kuliko mtoto. Hilo lilinipita. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Mimi hata jina sikumuuliza.

Jana kwenye kikao cha mapitio walianza na fomu ipi ilichelewa wapi. Nikaomba ukurasa wangu usomwe kwa sauti. Lilipofika lile neno "anacheza", nikasema si kweli, na kwamba ni mimi niliyeliandika. Hakuna aliyejibu.

Jioni nikapita wodini bila daftari. Nikakaa tu. Baada ya muda mrefu mtoto akasema bandeji inawasha. Kisha kwamba mbuzi wa bibi amezaa mapacha, mmoja ana doa jichoni, na huyo ni wake. Tukaongea mbuzi mpaka nesi akaja kunitoa. Nilitembea hadi nyumbani, moyo mwepesi kabisa.

Nimefika, baba anapiga kutoka Mpunguzi. Zabibu zimeiva, na mnunuzi wa mwaka jana hapokei simu.