Siku moja ya ajenti Pratunam

Ndugu zangu nyumbani wanadhani nipo Bangkok nikila bata. Mimi ni ajenti. Wafanyabiashara wa Kariakoo wakija kufunga mzigo Pratunam, mtaa wa maduka ya nguo hapa Bangkok, nawapokea, nawatafsiria, nawahesabia pisi na kuyafikisha marobota kargo. Kinachosahaulika kwenye hesabu ni tumbo. Mteja mwenye njaa hanunui, na komisheni yangu inalala naye.

Saa 11 alfajiri. Sala, chai, kisha boti ya mfereji wa Saen Saep. Ukikaa pembeni unavuta turubai, vinginevyo maji machafu yanakuogesha kabla ya kazi.

Saa 1 asubuhi. Mteja wangu wa leo ni mama mmoja wa magauni, katua jana. Nasema shikamoo, hata marahaba haijatoka, ameshafika kwenye jiko la mkaa na kijiti mkononi. "Mishikaki, mwanangu! Kama ya kwetu!"

"Mama, hiyo muu!"

"Muu ndiyo nini?"

"Kitimoto."

Alikitupa kama nyoka. Muuzaji, masikini, akadhani bei imemkera mteja, akatuongezea kijiti cha pili bure. Nililipa baht 10 za kile kilichoanguka, nikainamisha kichwa kuomba radhi, tukaondoka.

Asubuhi yote tukapatana bei. Maduka mengi hapa ukichukua pisi tatu unahesabiwa jumla, kwa hiyo kazi kubwa ni kumzuia mtu asinunue mojamoja kwa tamaa ya macho.

Saa 7 mchana nikamvusha hadi Phetchaburi Soi 7, kwenye msikiti wa Darul Aman. Mgeni Mwislamu akiniuliza ale wapi, namleta huku kwanza. Kuna khao mok gai, wali wa njano wa kuku, binamu kabisa wa biriani ila huja na mchuzi wa kijani wenye uchachu na matango pembeni. Kuna supu ya mkia wa ng'ombe, yenye ndimu na pilipili ya kukutoa machozi. Mama akaangalia, akakunja uso. "Sina njaa. Ugali hawana?"

Nilimwelewa, ingawa nilikasirika. Bangkok iko mbele ya Dar kwa saa 4. Tumbo lake lilikuwa Kariakoo, saa 3 asubuhi. Nikala nimesimama, yeye akinihesabia dakika.

Njia nzima ya kurudi akanitajia Yaowarat, mtaa wa Wachina aliouona TikTok, pweza wanachomwa barabarani. Nikamwambia leo Jumatatu, meza nyingi za barabarani kule hupumzika. "Unanificha," akasema. Nimficheje barabara nzima?

Halafu ikafika saa 11 jioni, ndiyo saa 7 ya Dar. Tupo katikati ya kuhesabu magauni 240, mwenye duka anataka kufunga, na mama akakaa juu ya robota. "Mwanangu, nakufa." Nilimpa maji, nikampa ndizi. Hataki kitu cha barabarani, kila moshi sasa anauona kitimoto. Nikaanza kuhesabu upya kwa sababu amenikatiza kwenye 117. Nikaanza tena. Miguu ilikuwa inawaka, na nje foleni haisogei, kwa hiyo ikabidi turudi Soi 7 kwa mguu, robo saa ya joto na lawama.

Wali ulikuwa umekwisha. Supu ilibaki. Alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akavua mtandio kidogo kufuta jasho, akaagiza bakuli la pili.

"Mbona mchana hukuniambia?"

Sikujibu. Nina akiba.

Kargo sijui nilitoka saa ngapi. Mzani, karatasi, kubishana juu ya kilo mbili, kuandika jina la mteja kwa kalamu nene kila upande wa robota. Boti za mfereji zilishalala. Nikiwa kwenye ngazi za nyumba natafuta funguo, ukaingia ujumbe wa sauti wa mama, anacheka: "Mwanangu, kesho tuanzie kwa yule wa supu. Magauni yatatusubiri."