Droni ya bomba za alumini: tulivyoipima, tulivyoichoma lehemu, tulivyoirusha

Tulianza na mizani ya jikoni, ile inayosoma gramu moja moja, na daftari. Tulikuwa watatu, kazi yenyewe ya jioni na Jumapili, na sharti letu moja: hakifungwi kitu kwenye droni kabla hakijapimwa. Daftari liliishia hivi: fremu na miguu gramu 215, mota nne 220, ESC nne (vidhibiti vya mwendo wa mota) za ampea 30 gramu 112, pangaboi 50, betri 390, bodi ya kuongozea pamoja na GPS na risiva 110, waya, plagi na skrubu 95. Jumla gramu 1,192. Mota za 2212 (namba ya ukubwa) zenye KV 920, yaani mizunguko 920 kwa dakika kwa kila volti zikiwa hazina mzigo, zikivaa pangaboi za inchi 10 na kulishwa na betri ya seli tatu, husukuma takriban gramu 750 kila moja. Zote nne ni kilo tatu, yaani mara mbili na nusu ya uzito. Chini ya mara mbili droni inapaa, lakini upepo ukiisukuma inakosa nguvu ya kujirekebisha.

Mikono ni bomba za alumini za mraba, milimita 12 kwa 12, unene milimita 1, vipande vinne vya sentimita 20 vilivyobanwa kati ya plaiwudi mbili za milimita 3. Mota hadi mota kwa mshazari ni sentimita 45. Bomba ni jembamba kuliko mota, kwa hiyo kila mota inashikwa na skrubu mbili za M3 (unene milimita 3), zile za matundu yaliyo mstari mmoja na bomba, na upande wa chini unatoboa tundu la milimita 7 ili bisibisi ipite.

Hapo kwenye skrubu ndipo mota moja ilipoungua. Skrubu zilizokuja kwenye pakiti ni za milimita 8. Zinapitiliza kitako cha mota na kukwaruza waya wa shaba uliosukwa ndani. Mota inazunguka vizuri dakika mbili, kisha inatoa harufu ya vanishi. Tulihamia skrubu za milimita 5. Kabla ya kuunganisha chochote, weka mita ya umeme kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa mota, nyingine kwenye kitako. Ikilia, skrubu imegusa.

Lehemu ya plagi ya betri inataka pasi ya wati 60. Ile ndogo ya kutengenezea redio haitoshi: waya mnene unakula joto lote, lehemu inakaa juu kama tone la nta, na ukiivuta inabanduka. Lehemu iliyoshika inang'aa na imetambaa hadi ndani ya nyuzi. Betri ya kwanza kuunganishwa ipitishe kwenye balbu ya indiketa ya gari, volti 12, wati 21, ikikaa katikati ya waya chanya. Ikimweka mara moja na kuzimika, endelea. Ikiwaka moja kwa moja kuna shoti, na balbu imekuokolea bodi.

Mzunguko wa mota tuliujaribu bila pangaboi. Mbele kulia na nyuma kushoto zinazunguka kinyume cha saa. Mbele kushoto na nyuma kulia, kufuata saa. Inayokosea, badilisha waya wowote wawili kati ya mitatu. Droni inayopinduka papo hapo ikitaka kupaa huwa na kosa hapa, au pangaboi zimefungwa juu chini, na watu wengi hukimbilia kulaumu programu.

Programu inayoendesha bodi yetu ya kuongozea ni ArduPilot. Kumbukumbu za safari ya kwanza zilionyesha mtetemo wa 45 m/s². Inashauriwa ubaki chini ya 30, na ukivuka 60 bodi haijui tena iko juu au inashuka. Alumini inapeleka mtetemo wote katikati. Tuliweka bodi juu ya vipande vinne vya sponji ya gundi, tukasawazisha pangaboi kwa kubandika tepu kwenye bawa jepesi, ikashuka hadi 20.

Dira ilitusumbua zaidi. Ikiambiwa isimame hewani, droni ilizunguka duara linalozidi kupanuka, kwa sababu GPS yenye dira ilikaa sentimita 3 juu ya waya za betri. Tuliipandisha kwenye mlingoti wa sentimita 12, tukasokota waya chanya na hasi pamoja, tukarekebisha dira upya uwanjani, mbali na mabati na zege lenye nondo.

Betri usiibuni. Tulifikiria seli za laptopu za zamani kwa kuwa ni rahisi, lakini droni ikielea inavuta ampea 14, na seli zile zikiwekwa jozi jozi kila moja ingebeba 7. Volti inaporomoka kabla hujafika mbali. Tulichukua lipo (betri ya lithiamu-polima) ya mAh 5000, tukaichaji kwa ampea 5, na kuihifadhi kwenye volti 3.8 kwa seli. Ikifika volti 10.5 droni inarudi yenyewe. Zima pia rimoti ukiwa mezani, pangaboi zimevuliwa, uone kama hali ya kurudi nyumbani inaingia. Risiva yetu ilikuwa inashikilia amri ya mwisho, kosa ambalo hewani lingetupotezea droni.

Kibali ni cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya; uliza kabla hujapaisha, hata kama ni ya kujitengenezea.

Dar, usawa wa bahari, tulipata dakika 14 na kubakiza asilimia 20 ya chaji. Arusha, mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13: nguvu ya kuelea ilipanda kutoka 0.40 hadi 0.46 ya nguvu yote, na dakika zikabaki 13. Kamera ya gramu 150 tuliyopanga kuongeza imebaki mezani mpaka tupunguze fremu.