Namtafuta Riziki

Kila mwaka tarehe 17 mwezi wa kwanza tulikuwa tunakata keki nyumbani na watu wa katiye, yaani mtaa wetu, walikuwa wananiita mtoto wa volkano, juu mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo iliichoma Goma, mji wetu huku Kongo, siku hiyohiyo, na mimi nilijua nilikuwa natimiza miaka 3. Hiyo tarehe iko kwenye diplome yangu, iko kwenye karte ya kitambulisho, sikuwahi kujiuliza.

Halafu ikaja 2021. Volkano ilitoka tena usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano, moto ukasimama Buhene, matetemeko hayakuisha, na tarehe 27 wakatangaza watu wa katiye 10 wahame. Mimi na mama tukashika njia ya Sake kwa miguu, godoro kwenye chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, watu wamejaa barabara mpaka huoni mbele. Njia yote hiyo, kilomita kama 25, mama hakuniachilia mkono. Sisemi kushikana tu, vidole vyake vilinibana hapa juu ya kiganja mpaka pakabaki alama. Nikamwambia mama unaniumiza, acha nibadilishe begi bega lingine. Akajibu bila kuniangalia: "Siwezi kuachilia. Wewe ulishapoteaka mara moja."

Usiku, tumelala barazani kwa darasa moja pale Sake, ndo akanieleza. "Sikukuzala mimi. Nilikuokotaka njiani."

Ilikuwa Alhamisi ile ya volkano ya 2002, watu wanakimbilia Gisenyi upande wa Rwanda, na karibu na Petite Barrière, pale mpakani, akakuta mtoto amesimama peke yake kandokando ya barabara. Silii. Majivu kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni mara mbili kama cha mtu mkubwa. Akanifunga mgongoni na kitenge hichohicho, tukavuka. Siku tatu pale Gisenyi alikuwa anauliza kila mtu mtoto huyu wa nani. Wakiniuliza mama yako ni nani nasema "Mama Riziki". Wakiniuliza wewe nani nanyamaza. Watu walipoanza kurudi Goma naye akarudi na mimi, miaka yangu alikisia kwa kuhesabu meno, tarehe akachukua ile ya siku aliyonipata. Hakuniandikisha kwa watu wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wanatafutia watoto familia zao, aliogopa watanichanganya na wengine nipotee tena. Alilia sana kunieleza hilo. Mimi simlaumu hata kidogo, nyumba yake mwenyewe ilikuwa chini ya mawe na bado alinipikia uji.

Sasa mtu wa Goma atanielewa hapa. Mama Riziki si jina. Ni kusema tu kifungua mimba wake anaitwa Riziki, na wamama wa hivyo ukiita sokoni Virunga watageuka kumi. Inawezekana Riziki ni mimi. Lakini mama anasema usiku nilikuwa naamka namuita Riziki, na mtu hajiiti mwenyewe usingizini. Nina mkubwa wangu.

Nilianzia katiye ya Murara juu watu wengi wa huko ndio walikimbilia upande ule. Kufika pale utatafuta nini? Moto ulipita ukaganda, watu wakavunja mawe wakajenga juu yake, parsele, yaani viwanja vya zamani, viko chini na majirani wa zamani wako Ndosho, wako Majengo, wengine hawakurudi kutoka Rwanda. Nimezunguka Jumapili nyingi. Kuna walioniomba pesa kwanza ndo wakumbuke. Nilipanda boti mpaka Bukavu kumuona Riziki mmoja, kumbe ni baba wa watoto sita na mama yake yupo hai nyumbani, walinipa chakula nikarudi. Watu wananiambia fanya kipimo cha ADN (DNA), lakini kipimo kinataka mtu wa kupimwa naye.

Bibi mmoja Birere ndiye aliyenipa kitu. Anakumbuka Mama Riziki aliyekuwa anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kabla ya volkano, ana wasichana wawili, mdogo anamfuata mkubwa kila mahali kama mkia. Nikamuonyesha kitenge. Akakigeuza, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akasema hapana, hiki sikijui.

Mama ananiuliza kila Jumapili jioni, "Umempata?" Juzi akaongeza, "Ukimpata mama yako, umwambie hukulala njaa."

Riziki, kama unasoma hii, leo uko na miaka 30 na kitu. Nafikiri wewe ndiye uliyekuwa umenishika mkono siku ile, na watu walikuwa wengi, na wewe pia ulikuwa mtoto. Kitenge ninacho. Ni cha njano, kina ndege za buluu, upande mmoja umepindwa kwa uzi mwekundu, upande mwingine umekatwa tu kwa makasi, haukupindwa. Ile nusu nyingine ilibaki kwenu.